Mtunya: Nyika ya Bahi na Hadithi za Dunia Iliyoharibika

Msafiri atokaye Dodoma kwa garimoshi la kuelekea Tabora, kabla hajachoka kutazama dirishani, huteremka katika bonde pana, tambarare kama sahani, ambalo ndilo mbuga ya Bahi. Naye akipita hapo mwezi wa Oktoba huona udongo mweusi uliopasukapasuka mfano wa gamba la kobe, na vumbi linalonyanyuka nyuma ya ng'ombe, na mibuyu mikubwa isiyo na jani hata moja, hata amwulize jirani yake ni kiumbe gani awezaye kuishi mahali kama hapa. Mtu yule yule akirejea mwezi wa Machi, katika mwaka ambao Mungu amejalia mvua, hukuta ziwa mahali palipokuwa vumbi, na wavuvi wanavua kambale na perege, na mpunga umesimama majini, na ndege wasiohesabika. Mto Bubu, uteremkao kutoka milima ya Irangi huko Kondoa, hukomea hapa. Hauendi baharini wala hauungani na mto mwingine, na maji yake, yakiisha kutulia mbugani, hayana njia ya kutokea ila ile ya kupanda juu kwa nguvu za jua. Hivyo nchi ya Bahi hufa na kufufuka kila mwaka, na kuna miaka ambayo hufa tu.

Nimeanza na mbuga hii kwa sababu ya aina moja ya hadithi zinazopendwa sana katika zama hizi, ambazo watunzi wake hubuni dunia ya kesho iliyoharibika, ambamo binadamu na maumbile wamekwisha kukosana kabisa. Wanuri Kahiu, mtengeneza filamu wa Kenya, alitoa mwaka 2009 filamu fupi iitwayo *Pumzi*, inayosimulia Afrika ya Mashariki miaka 35 baada ya vita vilivyopiganwa kwa ajili ya maji, ambapo watu wamefungiwa ndani ya mji uliozibwa pande zote, jasho lao na mkojo wao husafishwa na kunywewa tena, na msichana Asha, mtunzaji wa makumbusho ya viumbe vilivyotoweka, hupata udongo wenye unyevu na mbegu ikachipua ndani yake, akakatazwa na wakubwa kwenda nje kuutafuta mahali ulikotoka. Euphrase Kezilahabi naye, mzaliwa wa Ukerewe, baada ya *Nagona* ya 1990 aliandika *Mzingile*, iliyotoka 1991, ambamo msomaji hufikishwa katika ardhi iliyoachwa ukiwa na maangamizi, mahali ambapo inabidi uhai uanzwe upya na mabaki ya watu. Hadithi hizi husomwa aghalabu kama bishara ya mambo yajayo. Mimi sizisomi hivyo, maana kwa mtu aijuaye tarikhi ya Ugogo mambo mengi yaliyowekwa na watunzi hao katika kesho yameshapita. Yamepita na yamezikwa, na mojawapo, lililo kubwa kuliko yote, limepewa jina.

Kabla ya kulifikia jina hilo ni lazima kutazama jinsi nchi hii ilivyosimuliwa na wapitaji. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na Ujiji, ilikata Ugogo katikati, na wapagazi waliipa pande zake mbili majina ya kutisha: upande wa mashariki, kati ya Mpwapwa na Ugogo, ulikuwa Marenga Mkali, yaani maji machungu; na upande wa magharibi, ng'ambo ya kingo za Bonde la Ufa zinazoonekana ukiwa Bahi, ulikuwa Mgunda Mkali, shamba lile lenye ukali wa moto, pori la siku nyingi lisilo na visima vya kutegemewa, ambamo mpagazi aliyeshindwa mwendo aliachwa njiani na mzigo wake ukagawanywa. Richard Burton alipopita 1857 aliikuta hofu hiyo vinywani mwa watu. Naye Stanley, miaka 14 baadaye, aliyakuta mashamba ya Wakimbu yakiwa yamekwisha kulimegua pori hilo, na visima vimechimbwa, na chakula kikiuzwa mahali palipokuwa pa mifupa. Jambo hili halitajwi sana, na mimi naliona kuwa kubwa: kwamba jangwa la hadithi lilifugwa, tena bila mashine na bila amri ya serikali, na watu wenye majembe ya mkono walioona faida ya kuwauzia wasafiri mtama.

Katikati ya maji machungu na shamba la moto ndipo palipokuwa Ugogo, na watemi wa Ugogo walijua thamani ya walichonacho. Kila msafara ulitozwa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa nguo za merikani na kaniki na nyaya za shaba. Na kwa kuwa msafara wa watu mia kadhaa hauwezi kubishana siku tatu mahali ambapo kisima ni cha mwenyeji, hongo ililipwa. Wafanyabiashara wa pwani walilalamika sana, na wazungu zaidi, wakawaandika Wagogo kuwa ni watu wa kiburi na unyang'anyi. Hata mtu mwenye nguvu kama Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ilimlazimu kuingia katika mahesabu hayo. Lakini ukiitafakari hongo kwa insafu, utaona ilikuwa ni bei ya maji katika nchi ya kiu, nayo ilikuwa ikijadiliwa hadharani, baina ya watu wawili waliotazamana usoni. Watunzi wa leo wakitaka kumwonyesha dhalimu wa siku za usoni humkalisha juu ya bomba la maji. Mtemi wa Kigogo alikaa juu ya kisima pia, ila yeye mwenyewe alikinywa kisima hicho, na kilipokauka, kiti chake kilikuwa hatarini.

Maana mtemi, katika mila ya Wagogo, hakuwa mfalme wa panga. Alikuwa mwenye nchi kwa maana ya ibada, mtunzaji wa mawe ya mvua, na mvua ikikawia ni yeye aliyeulizwa, na ni yeye aliyepaswa kutuma watu kwa waganga wa mbali kutafuta sababu. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyekuwa karani na liwali na hakimu, na ambaye wengi humjua kwa ushairi wake tu, aliyaandika mengi katika kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka 1954. Sisi wasomaji wa leo huenda tukatabasamu kwa habari za mawe ya mvua. Lakini tukumbuke kwamba nyuma ya ibada kulikuwa na hesabu. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka zizini pake wote, bali aliwatawanya kwa ndugu na wakwe na marafiki, huku wawili, kule wanne, mwendo wa siku moja au tatu, kwa kuwa mvua ya Ugogo hunyesha kama mtu anayegawa sadaka gizani: hupata huyu na kumkosa jirani yake. Tembe zao, nyumba zile za udongo zenye paa la bapa, zilisimama mbalimbali, kila moja na shamba lake la uwele na mtama, na malisho katikati. Mgeni aliona watu waliotupwatupwa nyikani. Hakika yake ulikuwa mtandao, na kila uzi wake umefungwa kwa ng'ombe na kwa mahari.

Mtandao huo ulipata pigo la kwanza katika miaka ya 1890, sotoka ilipoangamiza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki karibu wote, katika miaka ile ile ambayo Wadachi walikuwa wakijenga boma lao Kilimatinde. Reli ikafika Dodoma mwaka 1910, ikapita Bahi, ikaendelea mpaka Kigoma, ikafika huko mapema 1914. Miezi michache baadaye vita vikaanza Ulaya.

Sasa ndio mahali penyewe. Jeshi la Wadachi katika Afrika ya Mashariki, likiwa limezingirwa baharini lisiweze kupata chochote kutoka kwao, lilikula nchi. Ugogo, kwa kuwa reli ilipita humo na ng'ombe walikuwamo, ilitozwa ng'ombe, ikatozwa nafaka, ikatozwa wanaume wa kubeba mizigo. Na wanaume hao walipoondoka, mashamba yalibaki na wazee na wanawake katika nchi ambayo shamba lisipopaliliwa kwa wakati wake haligharamii hata mbegu. Tarehe 29 Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, yakitoka Kondoa, yaliingia Dodoma, na waliotarajia kwamba bwana mpya angepunguza mzigo wa bwana wa zamani hawakungoja sana kujua kosa lao: Waingereza nao walikuwa na jeshi la kulisha, na mizigo ya kubebwa kusini, nao wakatoza ng'ombe, na nafaka, na watu, kutoka katika maghala yale yale na nyumba zile zile. Ndipo mvua ikakatika. Kuanzia 1917 hadi 1920 Ugogo ilipata ukame ambao, kwa hesabu ya nyika, haukuwa wa ajabu kupita kiasi. Wazee walikuwa wamekwisha kuona miaka mibaya kama hiyo, na njia za kuivuka walikuwa nazo: kumwendea ndugu aliyepata mvua, kumbadilishia ng'ombe kwa mtama, kufungua ghala la akiba. Safari hii ndugu hakuwa na kitu, ng'ombe wameliwa na askari, na ghala ni tupu. Watu walikula mizizi na matunda ya porini, kisha wakakosa hata hayo. Wakahama kwa makundi, wakafa njiani. Na mwaka 1918 ikaja ile homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikawakuta wamekwisha kudhoofika. Katika watu 150,000 waliokuwa wakikaa nchi hiyo, 30,000 walikufa. Ni mmoja katika kila watano.

Wagogo, ambao kama watu wengi wa nchi kavu huhesabu miaka kwa njaa zao, waliipa njaa hii jina la Mtunya. Na hapa ndipo nisimamapo kila nikiwaza juu ya riwaya za dunia iliyoharibika, kwa kuwa jina hilo maana yake ni kinyang'anyiro. Hawakuiita njaa ya jua, wala njaa ya mwaka usio na wingu, ilhali jua lilikuwapo na mawingu hayakuwapo. Waliiita kwa jina la tendo la watu. Nani alimnyang'anya nani? Jeshi lilimnyang'anya mkulima, hilo halina shaka. Lakini neno lenyewe halibagui, na huenda ndani yake mna aibu pia, ya siku ambazo jirani aligombania na jirani mzizi mmoja. Mtunzi wa riwaya, akitaka kutuambia kwamba maumbile yamelipiza kisasi, huweka jangwa na kusema: tazameni walivyoiharibu ardhi. Watu wa Mtunya walikuwa na jangwa tayari, walizaliwa nalo, na hawakulishtaki.

Baada ya maafa hayo Ugogo haikurudia tena kuwa nchi ya kujitegemea kama zamani, kwa sababu ng'ombe wachache waliobaki hawakutosha kuushona upya mtandao uliokatika, na vijana wakaanza kwenda kutafuta ujira mbali. Maofisa wa serikali mpya, walioikuta nchi katika hali hiyo, waliandika kuwa Ugogo ni nchi ya njaa tangu dahari, na maneno hayo yakawa kama sifa ya kuzaliwa nayo. Mwanachuoni Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 juu ya maumbile na uchumi katika tarikhi ya Afrika ya Mashariki, alishikilia rai ya kwamba watu wa nchi hizi walikuwa wameyatawala mazingira yao kabla ya ukoloni, na kwamba pori tulionalo ni matokeo ya kushindwa kwao, si chanzo chake. Wako waliomsahihisha kwamba aliipamba mno zamani. Pengine ni kweli. Lakini akisimama mtu Bahi na kutazama upande wa Mgunda Mkali, haimwii vigumu kumsadiki.

Kituko cha Kongwa kinajulikana, kwa hiyo sitakaa nacho. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita vya pili, walianza kulima karanga Kongwa, mashariki ya Dodoma, kwa azimio la kufikia jumla ya ekari milioni tatu na zaidi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati; wakaleta mashine, na miongoni mwake vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta; wakapania kupanda ekari 150,000 mwaka wa kwanza, wakapata zipatazo 7,500. Mizizi ya nyika ilivunja majembe ya chuma, na udongo, mvua ilipokwisha, ulikauka ukawa kama saruji ukazifungia karanga ndani yake. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na paundi milioni 36 zikafutwa vitabuni. Waliochagua Kongwa walifurahi kwamba ni ardhi pana isiyo na watu wengi. Mgogo yeyote, laiti angaliulizwa, angalijibu kwa swali: je, mmeuliza kwa nini haina watu?

Mwaka huo huo wa 1951 Shaaban Robert alitoa *Kusadikika*, hadithi ya nchi inayoelea hewani, ambamo wajumbe waliotumwa pande zote kuleta maarifa waliambulia kifungo waliporejea. Huhesabiwa kuwa hadithi ya sheria na udhalimu, na ndivyo ilivyo. Hata hivyo huwa nastaajabu kwamba mtunzi wetu mkubwa, alipotaka kuonyesha dola isiyosikia, aliiondolea udongo chini ya miguu yake kwanza.

Uhuru ulipopatikana, dola ilikuwa yetu, na nia yake ilikuwa njema, nami sitaki nionekane ninawasawazisha waliokusudia kujenga na waliokusudia kuteka. Lakini baada ya ukame wa mwisho wa miaka ya 1960, katika Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, watu wa tembe zilizotawanyika walikusanywa katika vijiji vya ujamaa wapate shule na zahanati na maji ya bomba. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda kukaa Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Shule zikajengwa, na faida yake ipo. Kilichosahauliwa ni kile kilichosahauliwa na wageni wa zamani, kwamba kutawanyika kule hakukuwa ujinga. Ng'ombe waliokuwa wakilisha nchi ya siku mbili sasa walikanyaga duara moja kuzunguka kijiji, asubuhi wakitoka na jioni wakirudi kwa njia ile ile, na kuni zikakatwa zilizo karibu kwanza. Kezilahabi, kwa *Gamba la Nyoka* yake ya 1979, aliwaandikia watu wa ziwani kisa cha kuhamishwa. Ugogo haijapata riwaya yake ya jambo hilo.

Mwaka huo wa 1979 ndio pia ambao mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 huko Kondoa, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi cha HADO na ambao ulianza 1973, kwa kuwa vilima vya Irangi vilikuwa vimechimbwa na maji hata vikabaki makorongo mekundu kama majeraha. Majani yakaota tena, miti ikarudi, na wataalamu kutoka nchi nyingi wakaja kutazama. Ng'ombe wakaenda kula majani ya majirani. Sisemi haya kwa kebehi, maana sijui mtu mwingine angelifanya nini. Ila watu wa Bahi hawakuhitaji kusafiri kwenda Kondoa kuyaona makorongo, kwa sababu udongo wake uliwafuata wenyewe: kila masika Bubu huja mwekundu, na kinachotuama chini ya mpunga wa Bahi ni mlima wa mtu mwingine.

Katika karne hii wametokea wachimbaji waliopima mbuga hii wakitafuta madini ya urani, na wenyeji wakawa na wasiwasi juu ya maji yao na mpunga wao. Nami niliposikia habari hizo niliukumbuka *Mzingile* na majivu yake, nikaona kwamba mtunzi na mpima madini wamekutana mahali ambapo hakuna aliyekusudia kumwendea mwenzake. Hata hivyo mwezi wa Novemba unapokaribia, mambo ya Bahi ni yale yale. Wanaume na wanawake hutoka kwenda kuberega, yaani kulisafisha shamba juu juu bila kulitifua, kufyeka na kuchoma mabua ya mwaka jana, kisha kuchimba vishimo vidogo kwa ncha ya jembe na kutia humo punje za uwele. Mabwana shamba wamelikemea zoea hilo mara nyingi, na kwa hoja nzuri. Asha wa *Pumzi*, alipotoka nje ya mji wake, aliuotesha mche wake jangwani akaunywesha maji yake ya mwisho. Mama wa Bahi hana maji ya kunywesha. Hufukia punje katika vumbi kwa kisigino, hupiga hatua moja, hufukia nyingine, na wingu lenyewe halijaonekana bado upande wa kingo za Kilimatinde.